Homa ya mtoto na "meno ya nailoni"

Mtoto wa miezi sita anaharisha siku ya tatu, mwili unachemka, ziwa halitaki. Jirani anampitisha kidole kwenye ufizi, anagusa kivimbe pale jino la chonge litakapoota. "Haya ni meno ya nailoni. Yasipotolewa, mtoto atakufa." Mama wengi Tanzania wameyasikia maneno haya, na Uganda imani ni hiyo hiyo.

Meno ya nailoni hayapo. Kinachotolewa ni kijino cha maziwa kilichokuwa bado kinajijenga ndani ya ufizi. Ni cheupe na laini kwa sababu hakijakazwa na madini, na ndiyo maana mtoaji akikiweka kiganjani mama huamini kabisa. Lakini hata mtoto mwenye afya tele, ukimpasua ufizi, utakikuta.

"Mbona wangu alitolewa akapona?" Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache, ilimradi mtoto hakuishiwa maji. Na umri huo maradhi hayaji bure: kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua, ameanza uji, anatambaa na kila kitu anakitia mdomoni. Homa yaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya tumbo. Anayehitajika hapo ni mhudumu wa zahanati mwenye kipimo cha malaria, ORS (dawa ya kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini) na zinki. Spoku ya baiskeli iliyonolewa, au wembe, humwongezea mgonjwa kidonda: damu humwagika, bakteria huingia mwilini, pepopunda nayo, na kifaa kikitumika kwa watoto wengi kinaweza kupitisha VVU. Jino la ukubwani lililo chini yake linaweza kuharibika lisiote kabisa, au liote limepinda.

Kama ameshatolewa, mpeleke hospitali leo na umwambie muuguzi wazi. Usione haya, mama. Ulitaka mwanao apone.

Kinachoniumiza ni kwamba tunaulaumu mdomo pasipo na kosa lake, halafu unapoumwa kweli tunaupuuza. Mtu atasema meno ya maziwa yatang'oka tu, ya nini kuyatibu? Mtoto mwenye jino lililooza hatafuni vizuri wala halali, na hata uzito unaweza kugoma kupanda. Usaha wa mzizi wake unaweza kuliharibu jino linalosubiri chini. Anza kupiga mswaki jino la kwanza linapochomoza, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya mchele.

Mwingine akiona damu kwenye povu la mswaki, anaacha kupiga mswaki "fizi zipumzike". Hapo ukoga unazidi kujazana, na ukoga huo ndio mara nyingi huzivimbisha fizi. Endelea, kwa mswaki laini, na ukamwone daktari wa meno.

Mwenye kisukari asikie hili zaidi. Sukari ikiwa juu fizi huharibika upesi. Fizi zikiwa na ugonjwa, sukari nayo huwa ngumu kushuka, na kuzitibu husaidia kuidhibiti. Ukienda kwa daktari wa meno mwambie una kisukari, mtajie dawa unazotumia, na usiende na njaa isipokuwa umeelekezwa hivyo, sukari isije ikashuka ukiwa kwenye kiti.