Afya ya akili ya mtoto wa shule: maana yake, na mzazi anaijengaje

Ukimgusia mzazi habari za afya ya akili ya mwanawe, mara nyingi utapata jibu moja kati ya mawili. Mmoja atasema kwa fahari, "Huyu wangu akili anazo, muhula huu kashika namba tatu." Mwingine atashtuka: "Kwani mwanangu ameanza kuchanganyikiwa?" Siwalaumu. Neno lenyewe ndilo linalowapeleka huko. Katika Kiswahili cha kila siku, akili ni ile inayokokotoa hesabu, na ndiyo hiyo hiyo tunayosema mtu amerukwa nayo. Kati ya werevu na wazimu hapajabaki nafasi ya kitu cha tatu, na dhana hii inahusu hicho cha tatu.

Kitu hicho tunakijua vizuri, ila tumekihifadhi kwenye neno jingine: moyo. Tunasema mtoto amevunjika moyo, ana moyo mzito, roho yake iko juu, ametiwa moyo, moyo wake umetulia. Tunapozungumzia afya ya akili ya mtoto wa miaka 6 hadi 12, au zaidi kidogo, sehemu kubwa ni hayo: anavyohisi, anavyojiona, anavyoishi na wenzake, na anavyorudi katika hali yake baada ya kuumizwa au kushindwa.

Hilo la kurudi ndilo ningependa lishikwe kuliko yote. Mtoto mwenye afya njema ya akili si yule anayecheka kutwa. Hulia, hununa, huona wivu, huogopa, hugombana. Lakini akishalia huendelea na mchezo; akigombana na rafiki leo, kesho utawakuta pamoja. Mzazi anayetaka mtoto asiwahi kuhuzunika anatafuta jambo lisilokuwepo, na katika kulitafuta anaweza kumfundisha mtoto kuficha.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika tarehe 7 Aprili 1948, inaeleza afya kuwa ni hali ya ukamilifu wa kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa maradhi au udhaifu tu. Mambo hayo matatu yamewekwa katika sentensi moja, na kwa mtoto hayatenganishiki hata kidogo.

Chukua mfano wa tumbo la asubuhi. Mtoto wa miaka 8 anayehofia jambo shuleni mara nyingi hana maneno ya kulieleza, kwa hiyo mwili unasema kwa niaba yake: tumbo linauma, kichwa kinagonga, anajisikia kutapika. Mzazi akimwambia "unajifanya tu," anakosea, kwa sababu maumivu hayo ni ya kweli. Utumbo una mtandao mkubwa wa mishipa ya fahamu inayowasiliana na ubongo muda wote, na hofu hubadilisha jinsi utumbo unavyofanya kazi. Kwanza mtoto apimwe, maana ugonjwa wa kawaida nao upo. Ikiwa daktari hakuona kitu, na tumbo hilo huanza siku za shule tu na kutulia saa nne asubuhi, basi ulizia shule. Je, kuna anayemwonea? Anaogopa kusoma kwa sauti mbele ya wenzake? Anabana haja kwa sababu choo kinamtisha? Sababu inaweza kuwa ndogo machoni pa mtu mzima, na kwa mtoto ikawa dunia nzima.

Na kinyume chake pia hutokea: hitilafu ya mwili huvaa sura ya tabia mbaya. Asiyeona vizuri ubaoni huitwa mvivu. Asiyesikia vizuri sikio moja huitwa mkaidi. Mwenye upungufu wa madini ya chuma huonekana hajali masomo, kumbe amechoka na kushika jambo kunamshinda. Kabla ya kumpa mtoto jina baya, mpeleke apimwe macho, masikio na damu. Mara nyingine miwani tu huondoa ugomvi wa miaka miwili nyumbani.

Usingizi unastahili aya yake, kwa kuwa ndio unaopuuzwa zaidi. Mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2016 unataja saa 9 hadi 12 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, na saa 8 hadi 10 kwa wa miaka 13 hadi 18. Hebu tupige hesabu. Anayeamshwa saa 12 asubuhi, hata kwa kiwango cha chini cha saa 9, anatakiwa awe ameshapitiwa na usingizi saa 3 usiku. Si kwamba ndiyo kwanza anatafuta daftari lake. Jambo linalowachanganya wazazi ni kwamba mtu mzima asipolala huzubaa, lakini mtoto mara nyingi huchangamka kupita kiasi: hatulii, hulia kwa jambo dogo, hujibu vibaya. Watu humuona mtundu, wakati ana usingizi. Simu na televisheni huongeza tatizo, kwa sababu mwanga wake huchelewesha homoni ya usingizi, na yaliyomo huiacha akili ikikimbia. Simu ilale chumba kingine, ya mzazi pia ikiwezekana.

Kuhusu mazoezi sina maneno mengi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku za kuuchangamsha mwili kwa watoto wa miaka 5 hadi 17. Kukimbizana, kuruka kamba na kucheza mpira vyote vinahesabika. Mchezo wenyewe, wenye sheria zilizotungwa na watoto wenyewe, huwafundisha kushindwa, kungoja zamu na kupatana, mambo ambayo hakuna mtu mzima anayeweza kuyafundisha kwa maneno.

Sasa tufike kwenye kiini, yaani nafasi ya mzazi katika hisia za mtoto. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kazi yake ni kuzuia pupa na kupima matokeo, huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20. Kwa hiyo tunapomfokea mtoto wa miaka 9 "tulia!", tunamdai chombo ambacho bado kinaundwa. Hutulia kwa kuazima utulivu wa mtu mzima aliye karibu naye. Kiswahili kina kitenzi kizuri cha kazi hiyo, kubembeleza. Mtoto mchanga tunambembeleza bila kuona haya. Akianza shule tunaacha ghafla, tunamwambia amekuwa mkubwa. Hajawa mkubwa kiasi hicho. Mtoto wa miaka 10 bado anahitaji kubembelezwa, ila kwa namna nyingine: sauti ya chini, mtu wa kukaa kando yake, na muda wa kupumua kabla ya kuulizwa chochote.

Mpangilio hapa una maana kubwa. Mtulize kwanza, mfundishe baadaye. Mtoto aliyepandwa na hasira hasikii hoja, hata iwe nzuri namna gani. Maneno yote ya dakika hiyo hupotea. Nusu saa baadaye, maneno yale yale yanaingia.

Na kutuliza huanza kwa kuitaja hisia kwa jina lake. Mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman na wenzake walipima ubongo wa watu wazima waliokuwa wakiangalia picha za nyuso zenye hisia kali. Walipozipa hisia hizo majina, amigdala, sehemu ya ubongo inayowaka mtu anapohisi hatari, ilipunguza kasi yake. Mpe mtoto maneno, basi, na lugha yetu si maskini katika hili: hasira, aibu, kinyongo, wivu, upweke, majuto, wasiwasi, uchungu. "Naona umekasirika kwa sababu zamu yako imechukuliwa." "Uliona aibu walipocheka?" Mtoto anayeweza kusema "nimeona aibu" hana sababu kubwa ya kubamiza mlango.

Wapo watakaosema huku ni kudekeza, na watakumbusha kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo naikubali kabisa, ila nadhani wengi huishika mwisho usio wake. Samaki mbichi hahitaji nguvu ili akunjike; anayetumia nguvu humchana. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Diana Baumrind alitofautisha wazazi wa amri tupu, wazazi wanaoachia kila kitu, na wazazi wenye masharti thabiti ambao hueleza sababu na kumsikiliza mtoto. Tafiti nyingi zilizofuata zimeonyesha kwamba, kwa wastani, watoto wa kundi hilo la tatu hujiamini na kujitawala zaidi. Vipigo, kwa upande wake, vimehusishwa tena na tena na ukorofi na wasiwasi mwingi zaidi kwa watoto. Masharti yanaweza kukaa palepale bila fimbo. "Najua unataka kuendelea kucheza. Muda wa kulala umefika." Sentensi zote mbili ni za kweli, na ya pili haifutwi na ya kwanza.

Umri huu una swali lake. Erik Erikson, aliyeandika kuhusu hatua za makuzi mwaka 1950, aliona kwamba mtoto wa umri wa shule ya msingi hupambana na jambo moja: je, mimi naweza, au mimi ni duni? Kila daftari linalorudishwa lina jibu la swali hilo kwa wino mwekundu. Ndiyo maana namna mzazi anavyoipokea ripoti ya shule ni suala la afya, kama ilivyo homa.

Hapa neno akili linarudi. Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la 5 huko Marekani. Baada ya kazi ya kwanza, baadhi walisifiwa kuwa wana akili, wengine kuwa wamejitahidi. Kisha wote wakapewa kazi ngumu iliyowashinda. Waliosifiwa kwa akili zao walikata tamaa haraka zaidi, walifurahia kazi kidogo, na walipopewa tena kazi rahisi walifanya vibaya kuliko mwanzo. Waliosifiwa kwa juhudi waliendelea kuhangaika nayo, na wakafanya vizuri zaidi. Inaeleweka: aliyeambiwa ana akili akishindwa, anaona amepoteza hicho alichopendewa. Hata hivyo, sifa ya juhudi isiwe ya uongo. Mtoto aliyejitahidi kwa njia isiyofaa anahitaji kuonyeshwa njia nyingine, na mtu wa kukaa naye anapoijaribu.

Mazungumzo nayo yana ufundi wake. "Shule ilikuwaje?" huzaa "nzuri," na mlango umefungwa. Uliza kitu kidogo na mahususi: "Wakati wa mapumziko ulikaa na nani leo?" Watoto wengi husema zaidi mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwingine, mkiwa mnatembea, mnaosha vyombo au taa imeshazimwa. Akianza kusema, jizuie kutoa suluhisho. Mzazi anayeruka na "kesho nakuja shuleni kwenu!" humfanya mtoto asiseme tena. Muulize: "Unataka nikusikilize tu, au tutafute la kufanya?" Isipokuwa kama anaonewa, anapigwa au anaguswa vibaya, hapo mtu mzima lazima achukue hatua, na amweleze mtoto atakachofanya kabla hajakifanya.

Mzazi naye huchoka, na utulivu ulioisha hauazimiki. Siku utakayompigia kelele bila haki, rudi kwake. "Asubuhi nilikufokea. Nilikuwa nimechoka, lakini hukustahili. Nisamehe." Wengine wanaogopa kwamba heshima itapungua. Kwa maoni yangu mtoto hapo anaona kwa macho yake kile kile tunachotaka akijue: kwamba mtu anaweza kukosea, na akarudi.

Kuna wakati mapenzi ya nyumbani hayatoshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Angalia mabadiliko yanayodumu zaidi ya wiki mbili na kuingia kila mahali: usingizi, chakula, masomo, marafiki, michezo aliyokuwa akiipenda. Angalia mtoto aliyeanza tena kukojoa kitandani baada ya kuacha muda mrefu. Kumbuka pia kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kwa mtoto mara nyingi huja kama hasira isiyokwisha, bila machozi. Akisema anatamani asingekuwepo, au ukimshuku tu, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo; humfungulia njia ya kusema. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu na vitu vya hatari alivyo karibu navyo, na tafuta msaada wa kitaalamu siku hiyo hiyo.

Kwa mengine yasiyo ya dharura, andika kidogo kidogo kwa siku kadhaa kabla ya kumwona daktari au mshauri: mabadiliko yalianza lini, analala saa ngapi, nini kilitokea kabla, mwalimu wake anaona nini. Mkifika, mpe karatasi hiyo mtaalamu, kisha kaa kimya kidogo, ili wa kwanza kusema awe mtoto.