Nyotamkia ya Halley na vimondo vya Mei Kigoma

Wavuvi wa dagaa wa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, hupenda giza. Mbalamwezi ikitanda dagaa hawazifuati taa, kwa hiyo usiku wa kazi ni usiku mweusi, na anayekesha ziwani usiku mweusi huona mengi. Mmoja wao aliniuliza: "Mtaalamu, zile nyota za mwezi wa tano zinadondokea wapi?"

Hazidondoki popote, na wala si nyota. Ni vimondo: punje za vumbi, nyingi ndogo kama mchanga wa ufukweni, zinazoungua kama kilomita 100 juu yetu. Aliyezimwaga njiani ni nyotamkia ya Halley, na kila Mei Dunia hupita katikati ya vumbi hilo. (Wengi huchanganya majina haya mawili. Kimondo hupita kufumba na kufumbua. Nyotamkia huonekana kwa wiki kadhaa.)

Nyotamkia yenyewe ni bonge la barafu na vumbi, jeusi kuliko mkaa, lenye urefu wa kilomita 15 hivi. Hulizunguka Jua mara moja kwa miaka kama 76. Njia yake ni duaradufu iliyorefuka mno: ncha moja huingia ndani ya njia ya Zuhura, nyingine huvuka njia ya Neptuni. Ikikaribia Jua hutimua mbio, kilomita 54 kwa sekunde. Kule mbali hujikokota, haifikishi hata kilomita moja kwa sekunde, na ndiko inakomalizia sehemu kubwa ya umri wake.

Mkia nao usikudanganye. Haufuati nyuma kama moshi wa treni. Husukumwa na mwanga na upepo wa Jua (chembe zinazotiririka kutoka kwenye Jua), hivyo nyotamkia inapoondoka, mkia hutangulia.

Mwingereza Edmond Halley alilinganisha zilizoonekana 1531, 1607 na 1682, akasema ni ile ile moja, itarudi 1758. Ilionekana Krismasi ya mwaka huo, yeye akiwa kaburini tangu 1742. Ilipopita 1910, reli ilikuwa bado haijafika Kigoma. Mara ya mwisho ilikuwa 1986. Desemba 2023 ilifika ncha ya mbali, ikageuka; Julai 2061 itakuwa tena karibu na Jua.

Kuona vumbi lake, amka saa kumi usiku karibu na tarehe 5 au 6 Mei, mwezi ukiwa haupo, utazame mashariki. Yape macho dakika 20 yazoee giza, simu ibaki mfukoni. Mjini vilima huziba. Ziwani ndiko kwenyewe.

Mvuvi wangu alipopiga hesabu ya 2061 alicheka. "Basi mimi nabaki na mavumbi," akasema, akaendelea kuanua nyavu.