Valvu ya umeme haisukumi maji

Watu wengi wanaamini ile koili kwenye valvu ya mashine ya kufulia ndo inasukuma maji, kwa hiyo maji yakigoma wanakimbilia kununua koili mpya. Sio hivyo jamani. Koili ni sumaku tu, inavuta kipini kidogo kinachoziba kitundu, maji yaliyokuwa yanakandamiza kiwambo cha mpira kwa juu yanatoka, halafu presha ya maji yaliyo chini ya kiwambo yenyewe inakiinua na njia inafunguka. Sasa tenki lako likiwa mita 2 tu juu ya mashine unapata presha ya kama ba 0.2 (ba ni kipimo cha presha), na valvu nyingi za aina hii zinataka zaidi ya hapo, kwa hiyo pandisha tenki au weka pampu kwanza.