Chenji ya kitatange ni nini, na mbona wengine wanakwama katikati

Hii sio ile chenji ya konda. Kwa watu wa tangi za maji chumvi, ukisikia mtu anasema "wangu ameanza chenji" anamaanisha kitatange wake mdogo ameanza kuvua nguo za utoto avae za ukubwa, na ni kitu cha ajabu kweli kwa sababu si ati rangi inakolea tu, hapana, samaki anageuka mpaka ukimwona leo ukarudi baada ya miaka miwili unaweza kuapa kuna mtu amekuibia akakuwekea mwingine.

Kwanza tuelewane ni samaki gani. Dukani wanaandika enjelfishi, na hapo ndipo watu wanachanganyikiwa, kwa sababu kuna yule wa maji baridi mwenye mapezi marefu anayeuzwa kila mahali, huyo ametoka huko Amazon na ukoo wake ni mmoja na ngege wenu wa Kisumu. Wa bahari ni ukoo mwingine kabisa, Pomacanthidae, aina kama 90 hivi. Pwani jina lake ni kitatange, ingawa jina hilo wanampa pia yule samaki kipepeo anayefanana naye. Ukitaka kuwatofautisha angalia shavuni: huyu wetu ana mwiba mkali unaotokea kwa kifuniko cha matamvua ukielekea nyuma, na huo mwiba unanasa kwa wavu vibaya sana, nilijua siku nilikaa dakika ishirini na mkasi mdogo wa kucha nikikata uzi mmoja mmoja huku samaki ananiangalia. Siku hizi namhamisha na jagi.

Sasa chenji yenyewe. Mfano unaojulikana sana ni Pomacanthus imperator, watu wa tangi wanamwita empera. Akiwa mdogo ni bluu ya usiku, karibu nyeusi, na pete nyeupe na za samawati zimezungukana kuelekea mkiani, kama umerusha jiwe kwenye dimbwi. Akiwa mkubwa hakuna pete hata moja. Ana mistari ya njano na bluu iliyolala kutoka nyuma ya shavu hadi mwisho, mkia wa njano, na kwa macho kama barakoa nyeusi iliyozungushiwa bluu. Huko baharini anafika hadi sentimita 40. Hata wasomi walidanganyika: Bloch alimpa mkubwa jina mwaka 1787, halafu mwaka 1801 mtoto akaandikwa kama aina nyingine tofauti, akapewa jina la visiwa vya Nicobar. Kwa hivyo usijione mjinga ukiuliza kwa nini picha ya dukani haifanani na uliyenunua.

Na mbona mtoto avae tofauti? Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba wakubwa wana shamba, yaani kila mmoja ana sehemu yake ya mwamba na hataki kuona mwingine wa rangi yake hapo. Mtoto mwenye pete haonekani kama mpinzani, ni kama mtoi wa jirani anayepita kwa ploti yako, utamfukuza wa nini. Akishavaa mistari, shida inaanza. Ndio maana unaweza kuweka wadogo wawili wakaishi kwa amani mwaka mzima halafu ghafla uamke upate mmoja amechanwa mapezi.

Lakini kitu kilichonifanya nianze kuelewa kufuga ni namna mistari inavyotengenezwa. Nilikuwa nafikiri ni kama pundamilia wa hapa kwetu Nakuru, pakini. Mtoto wa pundamilia anazaliwa na mistari yake yote, akikua mistari inapanuka pamoja na ngozi basi, kama maandishi kwenye baluni. Kitatange hafanyi hivyo. Wajapani wawili, Shigeru Kondo na Rihito Asai, walichapisha kazi yao kwenye jarida la Nature mwaka 1995, wakaonyesha kwamba mistari ya empera haipanuki, umbali kati ya mstari na mstari unabaki karibu ule ule, na samaki akikua kunaongezwa mistari mipya. Inaongezwaje? Mahali mstari umegawanyika kuwa mbili, ile njia panda inatembea polepole kwenye ngozi, wiki baada ya wiki, ikifungua mstari mmoja kuwa miwili, kama unafungua zipu ya jaketi. Ndugu yake Pomacanthus semicirculatus, ambaye mkia wake akiwa anabadilika una michoro kama maandishi ya Kiarabu, anafanya kwa njia nyingine: mdogo wa chini ya sentimita mbili ana mistari mitatu tu, akifika kama nne mingine inachipuka katikati, akifika nane au tisa inachipuka tena. Wazo la kwamba rangi inaweza kujipanga hivyo kwa kemikali zinazosukumana na kuvutana lilitolewa na Alan Turing mwaka 1952, yule yule wa kompyuta.

Sasa fikiria hiyo maana yake ni nini kwako wewe mwenye tangi. Samaki hajapakwa rangi mara moja ikaisha. Ngozi yake iko kazini kila siku, inachora, inafuta, inahamisha mstari, na hiyo kazi inafanywa na mwili unaokula ulichompa na kupumua maji uliyomwekea. Chenji ni kukua kunakoonekana kwa nje. Samaki akikua vibaya utaisoma kwa ngozi.

Wangu wa kwanza nilimnunua akiwa saizi ya kiberiti, akaja na basi la usiku kutoka Mombasa ndani ya boksi la styrofoam, mfuko umejazwa oksijeni. Nilimtia kwenye tangi ya lita 200 nikajiambia akikua nitanunua kubwa. Nilimpa kamba tu. Kamba asubuhi, kamba jioni, kwa sababu alikuwa anawapenda na mimi naona raha. Akaanza chenji vizuri, njano ikatokea huko nyuma, pete zikaanza kukatika na kupinda, halafu akasimama. Miaka miwili. Pete nusu, mistari nusu, njano yenyewe kama ya chai ya maziwa mengi, barakoa haijulikani kama ni barakoa ama ni uchafu. Huyo ndiye tunamwita aliyekwama, na ni kitu cha kawaida sana kwa empera waliolelewa kwenye tangi tangu wadogo, wengi hawafikii ile rangi ya mwenzao aliyekulia baharini. Ndio maana wazoefu watakuambia ununue wa sentimita kumi hadi kumi na tano, si wa kiberiti, kwamba huyo ameshakula chakula cha kwao kidogo.

Tuanze na njano. Njano na machungwa zinatokana na karotenoidi (rangi za asili, kama ile ya karoti), na samaki hawezi kuzitengeneza mwenyewe, lazima azile. Mtu wa Nakuru hafai kufundishwa hii, si tumekua tukiona flamingo? Kifaranga cha flamingo ni kijivu, uwaridi anaupata kwa kula, na anachokula zaidi kwenye leki (Ziwa Nakuru) ni ule mwani mdogo wa kijani ambao watu wanauza kwa chupa kwenye maduka ya afya wakiuita spirulina. Maji ya leki yalipoanza kupanda kuanzia 2010 hivi na kupungua magadi, mwani ukaadimika, flamingo wengi wakahamia Bogoria. Chakula kikihama, rangi inahama nacho. Kitatange ni hivyo hivyo.

Bluu ni hadithi nyingine. Hiyo hailiwi. Ngozini kuna seli zenye vibamba vidogo kama vioo, vimepangwa kwa namna kwamba mwanga ukigonga unarudi wa bluu. Kwa hivyo hakuna chakula cha kuongeza bluu, yeyote anayekuuzia kichupa cha hivyo anataka pesa yako. Ila samaki mgonjwa au mwenye hofu bluu yake inafifia, na usiku pia wote wanapauka kidogo, usishtuke ukiwasha taa saa nane. Na hapa niseme kitu: wauzaji wanapiga picha chini ya taa za bluu, kila kitu kinang'aa. Omba akutumie picha ya taa nyeupe. Akikataa, umeshapata jibu.

Baharini empera anakula sponji sana, na vitu vingine vilivyoshikamana na mwamba, pamoja na mwani. Kamba peke yake ni kama kumlea mtoto kwa nyama choma. Sikuwa nimejua. Siku hizi natengeneza mchanganyiko wangu: kamba wabichi pamoja na maganda (ule wekundu unaotokea ukiwachemsha ndio karotenoidi yenyewe, ilikuwa mle muda wote), ngisi kidogo, kome nikipata, ule mwani mkavu wa karatasi wa nori usiotiwa viungo wala mafuta, na kijiko cha spirulina. Nasaga yote kwa blenda, nakoroga na gelatini, namimina kwa mfuko wa zipu nikiulaza uwe bapa kama chapati, kwa friza. Kila siku navunja kipande kama unavunja chokoleti. Chakula cha sponji kilichogandishwa kinapatikana kwa waagizaji lakini bei yake inauma, nanunua mara moja moja. Na karatasi ya nori naibana kwa klipu kwenye kioo, anauma anaondoka, anarudi, mchana kutwa, kwa sababu huyu si samaki wa kula mara moja kwa siku, ni wa kudonoadonoa. Wale wadogo kabisa, Centropyge, kama yule acanthops wa mgongo wa machungwa ambaye anatoka huku kwetu Afrika Mashariki na hafiki hata sentimita kumi, hao ni mwani hasa, na wanatosha tangi ya lita 200 hivi. Empera mzima anataka lita 800 kwenda juu. Najua.

Maji. Mama wa nyumba ya chini aliniuliza siku moja akiniona nabeba mitungi, "Kwani kijana wangu, si uende pale leki uchote ya chumvi bure?" Nikamwambia mama, ile ni magadi, pH yake inakimbilia 10, bahari ni kama 8.1, samaki atakufa kabla sijamaliza kumwaga. Akacheka. Ya mfereji nayo hapana, visima vya huku vina floraidi mpaka meno yetu yanajulikana Kenya nzima, na huwezi kujua ni nini kingine kimo. Nachukua maji ya RO (yaliyochujwa kwa mashine mpaka karibu kila kitu kitoke), natia chumvi ya bahari ya kutengenezwa (si ya jikoni tafadhali) mpaka kipimo cha uzito wa maji kisome 1.025, hita iwe 25 au 26 kwa sababu Julai usiku huku ni friji. Amonia na nitraiti, zile sumu zinazotokana na uchafu wa samaki, sifuri, nitrati nisione inapita 20. Kitu wengi wanasahau ni kwamba tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanashika oksijeni pungufu kwa kama asilimia 20 kuliko Mombasa, kwa hivyo pampu ya kupuliza na skima nzuri (mashine ya kutoa uchafu kwa povu) si urembo. Na betri ya akiba, stima ikipotea samaki mkubwa ndiye wa kwanza kuhema.

Kuna ugonjwa mmoja lazima niutaje kwa sababu unaharibu rangi moja kwa moja, ule wa ngozi kulika usoni na kwenye mstari wa ubavuni, vishimo vidogo vidogo vya kijivu kama ndui. Chakula kibovu na hofu vinatajwa, lakini kuna utafiti wa 2011 uliofanywa kwa samaki wengine, wale wa ukoo wa kangaja, ulioonyesha makaa ya filta ya aina ya lignaiti yanaweza kuuleta. Mimi makaa naosha mpaka maji yatoke meupe, naweka siku chache, natoa.

Usichanganye kukwama na mambo mengine. Samaki anayebadilika vizuri pia anaonekana mbaya kwa muda, ana sura ya kijana wa form two, si pete si mistari, hiyo ni sawa bora kila mwezi picha ziwe tofauti. Mimi nabandika picha kwa friji, tarehe nyuma. Picha tatu mfululizo zikifanana na samaki haongezeki urefu, hapo ndio kuna shida. Na kuna vitatange wa kundi la Genicanthus ambao jike anageuka dume na kubadilisha rangi akiwa tayari mtu mzima, hiyo ni mambo ya jinsia, sio chenji hii.

Yule wangu nilimhamishia tangi kubwa mwaka wake wa tatu, nikabadilisha chakula. Alianza tena, si haraka, nadhani mwezi wa tano ndio niliona njia panda moja ubavuni imesogea kwenye picha. Barakoa imekuja nyeusi kabisa, mkia njano safi. Ila ubavu wa kulia, karibu na mkia, kuna kipande cha pete nyeupe urefu wa kucha ambacho hakijatoka mpaka leo, na wageni wakija hicho ndicho wanauliza.