Je, wajua kwa nini Dar inaingia kwenye mgao wa maji haraka hivi mvua ikichelewa?

Oktoba 2022 Dar es Salaam ilitangaziwa mgao wa maji, kuna maeneo yalikuwa yanakaa hata masaa 24 bila tone, na kila ukiwasha redio unasikia maji ya Ruvu yamepungua. Mimi nikisikia hivyo kichwani nilikuwa naona bwawa, bwawa kubwa huko Pwani limekauka, tope la pembeni limepasuka, na nikawa nawaelezea watu hivyo hivyo kwa kujiamini kabisa. Nilikosea. Hilo bwawa halikuwepo.

Nadhani wengi tumechanganya na umeme. Sisi tuliokua na mgao wa umeme tumesikia habari za Mtera miaka na miaka, kina cha Mtera kimeshuka, Mtera imebakiza mita kadhaa, basi ukisikia ukame unajua ni bwawa linaisha. Lakini Mtera iko kwenye Ruaha Mkuu, maji yake yanaelekea Rufiji, hayana uhusiano wowote na bomba la Mbagala au Tabata. Maji ya Dar kwa sehemu kubwa yanatoka mto Ruvu, unaoanzia milima ya Uluguru kule Morogoro na kumwaga baharini upande wa Bagamoyo. Kuna mitambo miwili, Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini huko Bagamoyo, na pampu zinanyonya mtoni moja kwa moja, maji yanasafishwa, yanasukumwa mjini. Kuna matenki makubwa ya kupokelea, kama yale ya Kimara na Chuo Kikuu, ila hayo yanabeba mji kwa masaa tu, sio miezi.

Sasa fikiria watu wawili. Mmoja ni kibarua, anakula alichopata leo, mwingine ana akiba benki. Kazi ikikosekana wiki mbili yule wa akiba anaona salio linashuka pole pole, anapunguza nyama, anaahirisha harusi, ana muda wa kujipanga. Kibarua yeye siku ya pili tu jiko halijawashwa. Nairobi ina akiba, wana Ndakaini, bwawa linalobeba kama lita bilioni 70, kwa hiyo wanaweza kuuona ukame ukija miezi kabla (bado 2017 walipata mgao, maana hata akiba inaisha). Dar ni kibarua. Inakunywa maji yanayopita leo, na yaliyopita Aprili wakati wa masika mto umefurika yameshaingia baharini zamani.

Halafu kuna hili la pampu ambalo lilinichukua muda kulielewa. Mitambo yote miwili ilipanuliwa, Ruvu Chini kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196, jumla milioni 466. Ni kazi kubwa na imesaidia watu wengi mno. Ila kupanua mtambo ni kununua mrija mnene zaidi, soda kwenye chupa ni ile ile. Oktoba ile uzalishaji ulishuka mpaka kama lita milioni 300 kwa siku, na pampu zilikuwa nzima, kilichopungua ni mto.

Akiba pekee ya Ruvu kwa miaka yote imekuwa milima yenyewe, mvua inanyesha Uluguru, udongo wenye misitu unanyonya kama sifongo, unaachia kidogo kidogo kiangazi chote. Wapo wanaosema ni ukataji miti, wapo wanaosema ni mifugo na umwagiliaji, wapo wanaosema ni hali ya hewa, na yote yana ukweli wake ila kugawanya nani kachangia asilimia ngapi ni kazi ngumu, mi nisingemnyooshea mtu mmoja kidole.

Kwa hiyo ukame ukifika mji una njia chache, kubana wanaochota huko juu, kuingiza visima (vile virefu vya Kigamboni, lita milioni 70 kwa siku, vilizinduliwa Novemba 2022), na mgao. Na mgao una jambo lake la kushangaza, maji yakitoka kila mtu anajaza kila kitu, simtanki, madumu, ndoo, mpaka beseni, yaani bwawa ambalo mji hauna linajengwa vipande vipande kwenye nyua zetu. Mwenye simtanki la lita 5,000 na pampu anavuka wiki. Mwenye madumu manne, na nyumba iko kilimani mwisho wa laini, maji yanakatwa kabla hayajamfikia, halafu ndiye anayenunua dumu kwa bei ya juu. Hilo linaniuma.

Baada ya ukame ule ujenzi wa bwawa la Kidunda huko Morogoro ulianza, limekusudiwa kubeba lita bilioni 190. Ukigawa kwa matumizi ya kama milioni 500 kwa siku unapata zaidi ya mwaka mzima, ingawa hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi, jua nalo linakunywa. Na halina bomba la kuleta maji Dar, yatafunguliwa yashuke na mto wenyewe mpaka kwenye pampu za Mlandizi na Bagamoyo, njiani yanapita kwenye mashamba na mifugo yote ya bonde, kwa hiyo vibali vinavyotolewa na Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu bado vitaamua ni kiasi gani kinafika.