Sauti Ile Inatoka Wapi? Yanayotokea Ubongoni Katika Skizofrenia, Sonona na Baipola

Mama mmoja aliingia chumba cha kliniki akiwa amemshika mwanawe mkono kama anavyoshikwa mtoto anayevushwa barabara, ingawa kijana ana miaka 22 na amemzidi kimo. Kabla hajaketi akasema, "Daktari, mwambie wewe, labda atakusikiliza. Mwambie hakuna mtu anayeongea." Kijana hakubisha. Aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kiganja kimefunika sikio, midomo ikichezacheza bila kutoa neno. Nikamwambia mama yake: "Anasikia kweli, mama."

Jibu hilo lilimshtua, na huwashtua wazazi wengi. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nabishana na wagonjwa kuhusu sauti zao. Nilifungua hata dirisha ili wahakikishe kwamba nje hapana mtu. Sikumsaidia hata mmoja, na wengine waliacha kunieleza wanachosikia. Naandika haya kwa sababu nimeona ndugu wa mgonjwa akishaelewa kinachotokea ubongoni, mengi hubadilika pale nyumbani, kuanzia namna ya kumjibu mgonjwa hadi uamuzi wa kuendelea na dawa.

Tuanze na hiyo sauti. Mwaka 1993 watafiti wa London walichapisha matokeo ya picha za ubongo za wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, zilizopigwa wakati sauti zinasikika na tena zilipokuwa zimenyamaza. Sauti zilipokuwepo, damu iliongezeka katika eneo la Broca, sehemu ya mbele ya ubongo ambayo hutunga maneno tunayotaka kuyasema. Ubongo wa mgonjwa mwenyewe ndio uliokuwa ukisema.

Mbona basi hajui kwamba ni yeye? Jaribu kujitekenya kwapani. Hutacheka, lakini akikutekenya mwenzio utaruka. Kila ubongo unapoagiza mkono au ulimi ufanye jambo, hupeleka nakala ya agizo hilo kwenye sehemu zinazopokea hisia, ili zijue kwamba kinachokuja kimetoka humu humu ndani. Mwaka 2000 ilionekana kwamba wagonjwa wanaosikia sauti, walipojigusa kiganja wenyewe, waliuhisi mguso ule kwa nguvu ileile kama wanaguswa na mtu mwingine. Ile nakala haikufika. Maelezo ambayo wengi wetu tunayaona yana uzito ni kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa kwa mawazo: neno linatungwa na ubongo wake, taarifa kwamba ni lake inapotea njiani, naye analipokea kama neno la mgeni. Ukimwambia "hakuna sauti" unamkanushia kitu ambacho masikio ya ubongo wake yamekipokea.

Kusikia sauti ni nusu ya shida. Nusu ya pili ni kwamba kila kitu kinaanza kumhusu yeye. Mtangazaji wa redio akikohoa, ni ishara. Jirani akianika kanga nyekundu, ni ujumbe. Hapa ndipo inapoingia dopamini, mojawapo ya kemikali ambazo chembe za ubongo hutumia kupashana habari. Kazi yake mojawapo ni kugonga mhuri: hili ni muhimu, liangalie. Ndiyo inayokufanya ugeuke ukisikia jina lako katikati ya kelele za stendi. Vipimo vya picha vimeonyesha mara nyingi kwamba mtu mwenye saikosisi, yaani hali hii ya kusikia na kuamini yasiyokuwepo, hutengeneza dopamini kupita kiasi katika sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu. Mhuri unagongwa ovyo, hata kwenye kikohozi na kanga. Akili yake, ikitafuta sababu ya yote haya, inaipata kwa vitu inavyovijua. Kwetu atasema amerogwa, au ametumiwa jini, au simu yake imetegwa. Aliyekulia kwingine atasema setilaiti za serikali zinamfuata. Hadithi inavaa nguo za mahali, ila mhuri unaogongwa ovyo ni uleule.

Uhusiano wa ugonjwa huu na dopamini uligunduliwa kwa kuanzia kwenye dawa. Henri Laborit, daktari wa upasuaji katika jeshi la majini la Ufaransa, alitafuta kitu cha kuwatuliza wagonjwa kabla ya upasuaji, akaijaribu klopromazini. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na watu waliokuwa hawatulizwi na chochote wakaanza kuzungumza kwa mpangilio. Kwa nini inafanya kazi, hakuna aliyejua. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist wa Sweden walionyesha njia, na miaka ya 1970 ilipofika ikathibitika kwamba nguvu ya kila dawa ya kundi hili inalingana na jinsi inavyoziba vipokezi vya dopamini, yaani milango ya chembe inayoipokea, viitwavyo D2. Haloperidoli mnayopewa kwenye dirisha la dawa, na sindano ya flufenazini ya kila mwezi, zinafanya kazi hiyo.

Sasa elewa hili, kwa sababu hapa ndipo familia nyingi zinapokata tamaa. Dopamini haiko kwenye njia moja tu. Ipo inayoongoza mwendo wa mwili, na ipo inayozuia homoni ya maziwa isizidi. Dawa haichagui vizuri. Ndiyo sababu mgonjwa anaweza kukakamaa shingo, kutetemeka, kutokwa na mate, kushindwa kukaa sehemu moja hata dakika tano, na mwanamke akakosa hedhi au matiti yakatoa maziwa ilhali hana mtoto. Ndugu wanasema, "Dawa zimemharibu." Hapana, ila ni kweli anateseka, na mateso hayo yana tiba: dozi inapunguzwa, dawa inabadilishwa, au anaongezewa kidonge kama Artane. Mrudisheni kliniki siku hiyohiyo, msingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Wapo wahudumu wanaopuuza malalamiko haya, na nasema waziwazi kwamba wanakosea. Mgonjwa aliyepuuzwa ndiye anayetupa vidonge chooni.

Dopamini vilevile haielezi kila kitu. Kuna yule kijana ambaye sauti zimenyamaza lakini haogi, haongei, anakaa kwenye mkeka akitazama ukuta. Nyumbani anaitwa mvivu. Dawa za D2 hazimsaidii sana katika hilo. Hapa tunatazama kemikali nyingine, glutameti, na vipokezi vyake vya NMDA, ambavyo ketamini ikiviziba kwa mtu mzima wa afya kwa muda tu, humletea dalili zinazofanana sana na za skizofrenia, pamoja na huko kupoa na kutojali. Tunatazama pia miunganiko kati ya chembe za ubongo. Mtoto huwa na miunganiko mingi kuliko anayohitaji, na katika ujana ubongo hupunguza, kama mkulima anavyong'oa miche ya mahindi iliyosongamana ili iliyobaki inenepe. Mwaka 2016 utafiti mkubwa wa jeni ulionyesha kwamba aina fulani za jeni iitwayo C4, inayohusika na kuweka alama kwenye miunganiko ya kuondolewa, zinaongeza hatari ya skizofrenia. Huenda kwa baadhi ya vijana jembe linapita hadi kwenye miche iliyotakiwa kubaki. Hilo linaendana na tunachokiona kliniki: ugonjwa huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini, mara nyingi pale mtoto aliyekuwa akifanya vizuri shuleni anapoanza kujitenga na alama kushuka.

Urithi upo, lakini si hukumu. Pacha wa kufanana akiugua, mwenzake hubaki na uwezekano wa kati ya theluthi moja na nusu, wakati jeni zao ni zilezile. Kilichobaki ni mambo mengine, na mojawapo tunaweza kulishika: bangi, hasa kali, hasa ikianza kuvutwa kabla ya miaka 18. Katika ukoo wenye ugonjwa huu, mzazi asione haya kumweleza mwanawe hivyo.

Sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, imeelezwa kwa urahisi mno, kwamba serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, imepungua. Kidonge cha fluoksetini, dawa ya sonona, huongeza serotonini ndani ya saa chache, lakini nafuu huja baada ya wiki mbili hadi sita. Ingekuwa ni kujaza pengo tu, mtu angeamka kesho yake amechangamka. Inaonekana kinachochukua muda ni chembe kuota matawi mapya na kuunganika upya, hususan kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu ambayo kwa wastani huonekana kuwa ndogo zaidi kwa watu waliougua sonona kwa muda mrefu. Kotisoli, homoni ya mfadhaiko, ikibaki juu miezi na miezi, inaziumiza chembe hizo. Basi mtu aliyefiwa, aliyeachwa, au anayelala na deni kila usiku, msiba wake unaingia mwilini kabisa. Na mwilini ndiko unakosemea: wagonjwa wetu wengi hawasemi "nina huzuni." Wanasema kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, mwili umechoka. Wameshapimwa malaria na taifodi mara tatu. Ukimuuliza anaamka saa ngapi, anasema saa tisa usiku, na halali tena.

Kwa mwenye baipola, hisia hupanda hadi mtu anaongea bila kupumua, anagawa mali, halali siku nne na hachoki, kisha huporomoka. Usingizi ukikatika kwake si dalili tu, huweza kuwa chanzo, hivyo usiku mmoja wa mkesha unaweza kumrusha. Anayetibiwa sonona asisahau kumweleza daktari kama amewahi kupitia vipindi vya namna hiyo, maana dawa ya sonona peke yake inaweza kumpandisha.

Dawa kongwe hapa ni lithiamu, chumvi ambayo John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949. Ni nzuri sana, lakini kipimo chake cha kutibu na cha kudhuru havipishani sana. Figo huishughulikia kama chumvi ya kawaida: mwili ukikauka kwa kuharisha, kwa jua kali, au kwa kufunga kutwa nzima, lithiamu inabaki na kujikusanya kwenye damu. Anayeitumia na anataka kufunga Ramadhani aje tuzungumze wiki kadhaa kabla. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila duka la dawa linauza kwa ajili ya mgongo na jino, nazo huipandisha. Mikono ikitetemeka sana, akitapika au kuyumba kama mlevi, aache kumeza na apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

Lingine la haraka: mtu aliyekuwa mzima akichanganyikiwa ghafla, ana homa, degedege, au amejifungua majuzi, msikubali aitwe mgonjwa wa akili kabla hajapimwa malaria, sukari, VVU na mengineyo.

Swali ninaloulizwa kila wiki ni lini dawa itaachwa, kwa kuwa "amepona sasa." Sauti zimenyamaza kwa sababu vipokezi vimezibwa, kiwanda cha dopamini bado kinazalisha kama zamani. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa wa mara ya kwanza kwa miaka mitano uliona kwamba kuacha dawa huongeza hatari ya ugonjwa kurudi karibu mara tano. Wengine huweza kupunguziwa dozi taratibu, tukiwa pamoja. Wengi hutufikia wakiwa wameshapitia kwa shekhe, mchungaji au mganga. Sijawahi kumwambia mtu aache dua. Ninachoomba ni asifungwe minyororo, asinyimwe chakula, na asinyang'anywe vidonge.

Yule mama alirudi baada ya miezi saba. Akasema siku hizi kijana akishika sikio humwambia, "Najua unaisikia. Mimi siisikii. Njoo tunywe chai." Sauti zimepungua, ila usiku bado moja hurudi, kwa mbali. Nikamuuliza kijana anafanyaje. Akasema anavuma wimbo wa kwaya, mdomo umefumbwa, nayo inafifia. Nilimweleza kwamba wapo wengine wanaosaidika hivyo, kwa kuwa mashine ya maneno anakuwa ameishika yeye.