Mkono Uliojeruhiwa Wakati wa Kuzaliwa na Neno «Amechelewa»

Wiki iliyopita nilipokea barua ya rufaa yenye sentensi mbili. Ya kwanza ilieleza kwamba mgonjwa, mwanamke wa miaka 47, ana mkono wa kulia uliopooza tangu kuzaliwa. Ya pili ilieleza kwamba amechelewa, na kwamba nimfahamishe hivyo kwa upole. Katika kazi yangu ya fiziotherapia nimesoma barua za namna hiyo kwa miaka mingi, na safari hii nimeona heri niandike, kwa sababu neno «amechelewa» limebeba ukweli kiasi, na kiasi hicho ndicho kinachowafanya watu waliamini lote.

Ninazungumzia mishipa ya fahamu, yaani neva, inayotoka shingoni kwenda mkononi, mizizi inayohesabiwa kutoka juu kwenda chini kuwa C5 hadi T1, ambayo huvutwa au kukatika mtoto anapozaliwa, mara nyingi bega lake linapokwama kwenye nyonga ya mama baada ya kichwa kutoka. Ikiumia mizizi ya juu, C5 na C6, tunapata hali ambayo daktari Mfaransa Duchenne aliieleza mwaka 1872 na daktari Mjerumani Erb akaifafanua mwaka 1874: bega halinyanyuki, kiwiko ni dhaifu katika kukunja, na mkono wote umegeukia ndani. Watoto wengi hupona vizuri katika miezi ya mwanzo. Waliosalia hukua na mkono wao hivyo ulivyo, na hao ndio ninaowaandikia.

Ukweli uliomo katika neno lile ni huu. Neva iliyokatika huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, na msuli uliokosa neva hausubiri milele. Baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili huwa umepoteza uwezo wa kuipokea. Ndiyo maana upasuaji wa kuunganisha neva hizo hufanywa mtoto akiwa na umri wa miezi. Kumfanyia mtu wa miaka 47 upasuaji huo kwa jeraha alilozaliwa nalo hakutamrudishia msuli, na hilo nalikubali bila ubishi.

Lakini mgonjwa wangu hakuja kuomba neva. Alikuja kwa sababu hapati usingizi, na mkono unaomnyima usingizi ni wa kushoto, ule ambao maisha yake yote umeitwa mzima. Aliyeandika barua hakuuliza ni mkono gani.

Hapa ndipo ninapopoteza subira, na ninaomba wenzangu wanisikilize. Jeraha la neva la kuzaliwa haliendelei. Lilitokea mara moja, siku moja, na halirudi kumkata mtu neva nyingine akifika miaka 40. Kwa hiyo mtu mzima anaposema kwamba alichokiweza mwaka juzi leo hakiwezi, au kwamba ganzi imeanza mahali ambapo haikuwapo, jibu la «ni ule mkono wako wa zamani» haliwezi kuwa jibu kamili. Kuna jambo jipya, na jambo jipya lina sababu yake inayochunguzika: huenda ni diski ya shingo, huenda ni neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, huenda ni kano ya bega iliyochanika. Jambo hilo huwapata pia watu ambao hawakuzaliwa na jeraha lolote, na wao hutibiwa siku hiyohiyo bila kuambiwa wamechelewa.

Mkono mzima umefanya kazi ya mikono miwili kwa miongo minne. Umenyanyua watoto, umebeba mizigo yote, umefungua kila mlango, huku kiuno na shingo vikipinda ili kuufikisha mahali ambapo mwenzake hafiki. Kano za bega lake zimesuguliwa mara nyingi kuliko za mtu mwingine wa umri huo, na akiumia, hana mkono wa akiba wa kumpumzisha. Kwa mtu huyu ugonjwa ambao kwa mwingine ni usumbufu huweza kumaanisha kwamba hawezi kujivika nguo, na kwa sababu hiyo nashikilia kwamba anapaswa kuchunguzwa mapema zaidi ya wengine.

Mkono wenyewe uliojeruhiwa nao una habari yake. Misuli inayougeuza ndani ikiwa na nguvu kuliko inayougeuza nje, kichwa cha mfupa wa mkono husukumwa nyuma tangu utotoni, bakuli la bega hukua likiwa bapa, na kiungo kilichokaa upande kwa miaka mingi huchakaa na kuuma. Wengine neva ziliota zikaingia msuli usio wake, hivyo wanapotaka kukunja kiwiko, msuli wa kukunja na wa kunyoosha hukaza pamoja, na mtu huambiwa hajitahidi ilhali anajitahidi dhidi ya nafsi yake. Zipo njia: sindano ya sumu ya botulini ya kuulegeza msuli unaopinga, kuhamisha kano, kukata mfupa wa mkono na kuuzungusha, mazoezi, banzi, na matibabu ya maumivu yenyewe.

Katika njia hizo nina shaka zangu. Kuuzungusha mfupa uelekee nje humpa mtu uwezo wa kufikisha mkono kinywani bila kuinua kiwiko juu, lakini humpunguzia uwezo wa kufikia tumbo na mgongo, na mtu mzima amekwisha kujenga namna yake ya kufunga vifungo ambayo huenda ikapotea kwa usiku mmoja. Nimeona waliofurahi na nimeona aliyejuta. Kuhusu mazoezi ya nguvu, msuli wenye nyuzi chache za neva huchoka haraka, na mpaka kati ya kuujenga na kuuchosha siupati kitabuni. Ninaupata kwa kumuuliza mgonjwa mkono ulikuwaje kesho yake asubuhi, na mara kadhaa nimeuvuka.

Tena wengi hawachelewi kwa uzembe. Walinyooshwa mikono utotoni hadi wakalia, kisha siku moja wakaambiwa inatosha, na tangu hapo wakajifunza kuuficha. Kaizari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1859 akitanguliza matako, alikuwa na mkono wa kushoto mfupi kuliko wa kulia kwa takriban sentimita 15, na katika picha zake nyingi mkono huo umeegemezwa juu ya upanga au umeshika glavu. Wagonjwa wangu wana mifuko, mitandio na mikoba ya begani. Mtu aliyeuficha mkono kwa miaka 40 akiamua kuuweka mezani pangu, sioni haki ya kumwanzia kwa kumhesabia miaka.

Mwanamke yule alikuwa na ganzi ya dole gumba, kidole cha shahada na cha kati, inayomwamsha usiku na kupungua akiukung'uta mkono. Nimempa banzi la kuvaa akilala na nimemwombea kipimo cha neva ya kifundo cha mkono huo wa kushoto. Alipokuwa akivaa koti ndipo aliponitajia, kana kwamba anaomba radhi, kwamba bega la kulia nalo humuuma kwa mwaka wa tatu sasa. Nilimketisha tena. Barua yangu ya majibu ina vipimo vya mikono yote miwili, na ombi la picha ya eksirei ya bega hilo, ambalo kwa kumbukumbu zake halijapigwa picha tangu alipokuwa na miaka 6.